Farao wa Bankoko

Mama Jeannine alisoma Biblia kama mwanasheria anavyosoma mkataba: kutafuta mahali ambapo upande wa pili umekosea. Na kila mara alipapata. Katika kitabu kikubwa namna ile, hakuna jirani asiye na mstari wake. Wanawake wa Sayuni wanaotembea shingo juu na kuliza vikuku vya miguuni, huyo alikuwa Mama Valérie wa nyumba ya kona. Wale wanaoongeza shamba juu ya shamba, huyo alikuwa mzee mmoja wa karibu na bomba, ambaye uzio wa parsele, yaani kiwanja chake, ulisogea kila msimu wa mvua bila mtu kuuona ukitembea. Wapumbavu wa kitabu cha Mithali aliwagawia mtaa mzima wa Bankoko, na walitosha.

Katika mji wa Bunia, mashariki ya Kongo, familia za Kikatoliki zinazokaa jirani hukusanyika kila juma katika kundi linaloitwa shirika. Shirika la Mama Jeannine lilikutana Jumatano alasiri uani kwa mzee Mathieu, katekista mstaafu, kila mtu na kiti chake cha plastiki mkononi. Somo linasomwa. Watu wananyamaza. Kisha kila mmoja anarudia neno lililomgusa na kusema linamdai nini. Sheria ya zoezi ni moja tu: unasema "mimi." Mama Jeannine aliifuata sheria hiyo kwa njia yake.

"Mimi limenigusa neno 'wanafiki,'" alisema siku moja. "Nimelisikia, nikamufikiria Mama Valérie."

"Aksanti, mama," Mama Valérie akajibu bila kugeuza kichwa. "Mimi limenigusa neno 'ulimi.'"

Kisha waliimba wimbo wa shukrani.

Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kazi ya kusoma, kwa sababu alisoma vizuri kuliko wote. Masista wa Fataki walimfundisha akiwa msichana: kidevu juu, pumzi kwenye mkato, na usimtazame mtu usoni mpaka mwisho wa sentensi. Alikuwa na sauti ya kusimamisha kuku. Hata wale waliomchukia waliwaleta jamaa zao wamsikilize wakati wa Pasaka.

Fataki aliiacha akikimbia, mwaka ule ambao nusu ya wilaya ya Djugu ilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Ng'ombe wa marehemu mumewe walichukuliwa. Nyumba ilichomwa. Mdogo wake Geneviève alirudi kuchukua kitu ndani, na mpaka leo hakuna anayejua ni kitu gani, kwa kuwa hakutoka nacho. Hakutoka kabisa. Mama Jeannine hakuwahi kulia mbele ya watu kwa ajili hiyo. Alikasirika. Alifika Bunia na hasira yake ikiwa mzigo pekee ambao haukuanguka njiani, akapanga nyumba Bankoko, akaanza kuuza maziwa, na hasira akaitunza kama watu wengine wanavyotunza picha ya marehemu.

Waliochoma walikuwa wale wengine. Bunia, mtu akitaka kutaja kabila la upande wa pili bila kulitaja, anasema "wale wengine." Pande zote mbili zinatumia neno hilo hilo, kila moja ikimaanisha nyingine, na hakuna anayekosea kuelewa. Ni jambo ambalo pande hizo zimekubaliana bila mkutano, bila hoteli na bila wageni.

Sasa fikiria mwanawe Christian, mtoto pekee aliyembakia, anayechimba dhahabu kule Kilo, anarudi nyumbani siku moja na msichana mwenye mimba anayeitwa Falone. Mama Jeannine aliuliza swali moja tu: "Kijiji gani?" Falone akataja kijiji cha wale wengine. Mama Jeannine akaingia jikoni, akapika, akawapa chakula. Christian, ambaye alikuwa na kipaji cha kuona amani mahali popote inapomfaa, alirudi mgodini akiamini kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Ukweli ni kwamba Mama Jeannine hakumpiga Falone, hakumtukana, hakumnyima chakula. Alikuwa Mkristo. Hakuwahi tu kulitamka jina lake. "Ule ameshachota maji?" aliuliza, na Falone amesimama mbele yake na bidon kichwani. Falone aliosha ndoo za maziwa, alichemsha maji ya kuzisafishia, alifagia, alifua. Maziwa yenyewe hakuruhusiwa kuyamimina. "Wateja watakataa," Mama Jeannine alisema. Hakuna mteja aliyewahi kuulizwa.

Mtoto alipozaliwa, akaitwa Ushindi, mambo yakawa magumu zaidi, maana Mama Jeannine alimpenda mtoto huyo kwa namna iliyomtia aibu. Alimfunga mgongoni akiuza maziwa. Alimwimbia. Alimpa kidole chenye povu la maziwa anyonye, kisha akageuka na kuiuliza hewa: "Ule ameenda wapi?"

Ilipokaribia Kwaresima, Falone alikuja akasimama mlangoni, mikono imekauka kwa sabuni.

"Mama, kaka yangu Orly atapita na kamiyo yake ya mizigo, iko nakwenda Aru. Mi nitaenda naye."

"Kutembea?"

"Kukaa."

"Na mutoto?"

Falone alimtazama kama vile swali limeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Mutoto iko ya kwangu, mama. Nitaenda naye."

Mama Jeannine alijifunga kitenge akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Anaclet, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa na pikipiki mbili za kukodisha na maoni mengi juu ya ukoo. Anaclet alisema jambo ni rahisi. Mwanamke aende, Aru au mwezini, njia ni yake. Mtoto ni wa ukoo, mtoto anabaki. Kwa kawaida mtu anayesema hivyo huwa ametoa mahari. Ng'ombe wa mahari waliibwa kabla Christian hajamjua Falone, kwa hiyo mahari haikutolewa; Anaclet alilihesabu jambo hilo kuwa dogo.

"Siku kamiyo itafika, uniite tu, shemeji," alisema. "Tutakuja wanaume watatu. Hatutapiga mutu. Tutasimama tu."

Wakampigia Christian. Christian alisema rezo ya simu ni mbaya, wapange wenyewe.

Basi hivyo ndivyo alivyoingia Kwaresima: akiwa na mpango. Falone angekwenda, Ushindi angebaki.

Jumatano ya kwanza, mzee Mathieu alikuwa amerudi kutoka mafungo, naye alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa viatu vipya. Alisema Kwaresima hii watasoma kitabu cha Kutoka, lakini kwa njia ya ndani. Mpaka sasa, alisema, tumekuwa tukisoma Maandiko kama watu wanaochungulia dirisha la jirani. Kila mtu anayetajwa mle anakaa ndani yako. Musa ni wewe, ile sehemu yako inayosikia sauti na kuogopa. Wana wa Israeli ni wewe, vile vitu vyema ndani yako vilivyofungwa. Misri ni nafsi yako. Na Farao naye, mpendwa, usimtafute mbali.

Watu walitikisa vichwa. Maneno yalikuwa mazuri na hayakumdai mtu kitu.

"Papa Mathieu," Mama Jeannine akasema. Hakuinua sauti, hakuhitaji. "Farao iko ndani yangu?"

"Ndani ya kila mutu, mama."

"Farao ya Fataki hakukuwa ndani yangu. Alikuwa inje. Alikuwa na panga na bidon ya petroli. Geneviève hakuunguzwa na nafsi yangu."

Mtoto wa mtu alianza kulia akazibwa mdomo.

"Sikusema ule wa inje hayuko, mama," mzee Mathieu alisema taratibu. "Ule wa inje, iko tribunal ya kumuhukumu. Ule wa ndani hana tribunal. Njo maana tunasoma."

"Tribunal!" Mama Jeannine alicheka, kicheko kimoja, kikavu. "Siku watafungua ile ya Geneviève utaniita. Nitavaa kitambaa changu kizuri. Mupaka siku hiyo, papa, usinipatie Farao ingine ya kubeba. Nilishabeba ya kwanza."

Akachukua kiti chake cha plastiki akaondoka nacho. Ni vigumu mtu kuondoka kwa heshima akiwa amebeba kiti, lakini yeye aliweza.

Na tusiharakishe kumkosoa. Kuna wahubiri wengi katika mji huu wanaoufurahia sana moyo wa mtu aliyechomewa nyumba. Wanaukagua, wanaupima, wanaukuta na uchungu, wanasikitika. Moyo wa aliyechoma haukaguliwi, kwa kuwa mwenyewe hahudhurii semina. Mama Jeannine alilijua hilo, na alikuwa na haki ya kukasirika. Tabu yake ni kwamba haki hiyo aliitumia nyumbani.

Kwa mfano, makala, yaani mkaa wa kupikia. Tangu Falone aseme anakwenda, Mama Jeannine aliyafungia makala chumbani kwake. Asubuhi ya siku iliyofuata Falone alikuja na jiko tupu.

"Mama, makala imekwisha."

"Haijakwisha. Makala ya hapa ni ya watu ya hapa. Weye unaenda Aru, enda kwanza utafute kuni penye utazipata."

"Na chakula?"

"Saa ile ile. Sikusema chakula ibadilike."

Falone alimfunga mtoto mgongoni akaenda kuokota vijiti kuelekea bondeni. Chakula kilikuwa tayari saa ile ile.

Mzee Mathieu hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Mwisho wa juma alimtumia ujumbe: sura ya tano ni ya Mama Jeannine kusoma, maana wengine wataiharibu. Jambo hilo lilikuwa kweli, naye Mama Jeannine alikubali kwa sababu ya ukweli huo tu. Akatandika mkeka nyuma ya nyumba, akafungua Biblia, akaanza kufanya mazoezi kwa sauti, kama masista walivyomfundisha.

Sura hiyo inahusu matofali. Watumwa wa Israeli wameomba ruhusa ya kwenda zao. Farao anajibu kwa amri: kuanzia leo wasipewe tena nyasi kavu za kuchanganya na udongo. Waende wenyewe wazitafute popote watakapozipata. Lakini hesabu ya matofali isipungue hata kidogo.

Mama Jeannine aliisoma vizuri sana. Aliipa sauti ya Farao ile baridi inayostahili, sauti ya mtu asiyehitaji kupiga kelele. Alipofika mahali pa kwenda kutafuta wenyewe popote, akasimama.

Aliijua sauti hiyo. Haikuwa ya masista.

Akarudia sentensi, kama mtu anayejaribu ufunguo. Ilifungua. Hata mpangilio ulikuwa ule ule: kwanza kuna wanaotaka kuondoka, kisha kinaondolewa kitu cha kufanyia kazi, kisha kazi inabaki vile vile. Farao wa zamani zile, na dhahabu yake na makuhani wake, alikuwa amefikiri kama muuza maziwa wa Bankoko.

Watu wanaoandika vitabu vya ibada husema kwamba saa kama hiyo moyo huyeyuka. Moyo wa Mama Jeannine haukuyeyuka. Alikasirika. Alimkasirikia Mathieu, aliyekuwa amesema kweli. Alikikasirikia kitabu, ambacho kwa miaka yote alikitumikia kwa sauti nzuri, na leo kimemgeukia kama mbwa wa nyumbani. Alimkasirikia Geneviève kwa kurudi ndani. Alifungua Biblia mahali pengine, kwenye Zaburi, zile ambamo maadui wanavunjwa meno, mahali alipozoea kupumzika. Akasoma mistari miwili. Falone akapita uani na ndoo, kiunoni amejikaza kwa kitambaa, na Mama Jeannine akaona ghafla kwamba msichana huyu anaweza kuzisoma Zaburi hizo hizo, dhidi ya mama mkwe wake, bila kubadilisha neno.

Akafunga kitabu kwa kishindo. Kuku walikimbia.

Jumatano alisoma sura ya tano. Waliokuwepo wanasema hakuna aliyekohoa. Kisha ukimya, kisha zoezi. Mmoja alisema limemgusa neno "Bwana." Mwingine alisema limemgusa neno "kazi." Zamu ya Mama Jeannine ilipofika, Mama Valérie alijiweka sawa kitini, tayari kupokea.

"Mimi njo Farao," Mama Jeannine alisema. "Ule wa ndani ya nyumba yangu, nilimunyima makala, nikamwambia chakula ifike saa ile ile. Na sipendi kusema hii kitu. Nimemaliza."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa kwamba hakuna jirani aliyetajwa.

"Aleluya," Mama Valérie akasema. "Farao ameokoka!"

Wengine walipiga makofi. Mzee Mathieu alikuwa na machozi. Aliinuka akasema hili ndilo tunda la njia ya ndani, kwamba Jumapili wageni wa mradi wa amani watakuwepo parokiani na vyombo vyao vya picha, na ushuhuda kama huu, mama wa upande huu na mke wa mtoto wake wa upande ule, pamoja mbele ya altare...

"Kaa chini, papa," Mama Jeannine alisema.

Mzee Mathieu akakaa chini.

"Nilisema mi ni Farao. Sikusema nimeacha. Munapiga mikono juu ya nini? Farao naye alikiri. Ya kwanza, mvua ya mawe ilipomupiga. Ya pili, nzige ilipokula yote. Mwende musome. Alisema, nimefanya zambi, muniombee. Mvua ikakatika, akakuwa Farao tena. Kama kukiri ingetosha, wale watu wangefika kwao mapema sana." Alimgeukia Mama Valérie. "Na weye unaleta aleluya kwa mutu ambaye mutoto wa watu angali anaokota kuni kwake."

Mama Valérie akaanzisha wimbo wa shukrani kabla neno lingine halijamgusa.

Mama Jeannine alirudi nyumbani akafungua mlango wa chumba akatoa gunia la makala akaliburuta mpaka jikoni. Falone alilitazama gunia, akamtazama yeye.

"Makala," Mama Jeannine alisema, kana kwamba anamtambulisha mgeni.

"Ndiyo, mama."

"Falone."

Hilo nalo lilikuwa jambo. Wote wawili walilisikia. Lakini Falone alikuwa amezoea kukaa bila jina katika nyumba hiyo, na jina lilimfikia kama barua iliyochelewa.

"Kamiyo ya Orly itafika kesho kutwa," alisema. "Hata hivyo nitaenda, mama. Sina hasira na weye. Nimechoka."

"Sikusema usiende."

Hakusema usiende. Hakusema pia kwamba Anaclet na wanaume wake wamekwisha kupangwa. Alijiambia kwamba ya makala yamekwisha, deni la Farao limelipwa, na suala la mtoto ni suala lingine, la ukoo. Ili ajihakikishie, akaendelea kusoma. Alisoma kama mtu anayetafuta cheti cha kutokuwa na hatia: vyura wa Farao na chawa wake, majipu yake, mvua yake, mpaka akafika mahali ambapo hata watumishi wa Farao wanamwambia, waachilie hawa watu, nchi imekwisha. Na Farao anakubali. Anauliza tu, nani atakayekwenda? Anaambiwa, sote, na wazee wetu na watoto wetu. Hapo anakasirika. Anasema, nendeni nyinyi watu wazima. Watoto, hapana.

Mama Jeannine alikaa na ukurasa huo mpaka jua likahama kwenye mkeka.

Alitukana. Alitukana kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo Mathieu haijui na masista hawakuifundisha. Ni jambo moja kukutana na Farao katika gunia la makala, ambalo ni rahisi kuliburuta. Ni jambo lingine kumkuta amekushikia mjukuu mkononi na anakwambia kwa sauti yako mwenyewe kwamba huyu ni wa ukoo. Nyuma yake Ushindi alikuwa ameamka na kutambaa mpaka kwenye mkeka, akaanza kuchana ukurasa wa Kutoka taratibu, kwa furaha. Hakumzuia mara moja.

Kamiyo ilifika mchana, imejaa viti vya plastiki na magunia ya maharagwe. Orly alikuwa kijana mwenye mabega mapana na adabu ya mtu anayetarajia ugomvi. Alisalimia kutoka barabarani. Hakuingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, unywe maji."

"Niko sawa hapa, mama."

Mama Jeannine hakumpigia Anaclet. Hicho ndicho kitu chote alichofanya, na kilimgharimu kuliko kukimbia Fataki. Simu ilikuwa katika kitambaa kiunoni; aliihisi pale kama jipu. Falone alitoka na mfuko na godoro dogo. Mama Jeannine alikuwa na Ushindi mgongoni. Alifungua kitenge. Mtoto alidhani ni mchezo, akashika sikio la nyanya yake akacheka, na ikabidi vidole vitolewe sikioni kimoja kimoja.

"Uliniuliza kitu moja tu siku nilifika," Falone alisema akimpokea. "Kijiji. Hukuniuliza kama mama yangu iko."

"Iko?"

"Hapana. Mwaka ile ile ya dada yako."

Hakueleza zaidi, na waliosababisha hawakuhitaji kutajwa. Kulikuwa na upande mmoja tu uliobaki: wa nyumba hii. Mama Jeannine alifungua mdomo. Katika sauti yake yote, ile ya kusimamisha kuku, hakupata kitu cha kusoma. Akasema, "Umufunike kichwa, kule juu kuna baridi." Falone akasema, "Ndiyo, mama." Kamiyo ikaondoka.

Habari katika Bankoko hazihitaji kupigiwa simu. Vumbi lilikuwa bado halijatua Anaclet alipofika na pikipiki zake mbili na wanaume wake, injini zikinguruma.

"Shemeji! Uliwaacha?"

"Niliwaacha."

"Haina shida. Kamiyo ingali kwa bariere ya kutoka mujini, wanakagua mizigo. Nimepiga simu. Panda! Bila weye askari hawatatusikiliza, lakini nyanya akilia pale mbele yao, watashusha mutoto. Panda, mama, panda!"

Na hapa lazima isemwe kwamba alianza kupanda. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye chuma cha kukanyagia, mkono umeshika bega la Anaclet, na machozi ya bariereni yalikuwa tayari, hayakuhitaji kutafutwa. Yalikuwa ya Geneviève, yalikuwa yamengoja nafasi. Alikuwa na haki. Alikuwa na uchungu. Alikuwa na usafiri. Ni hapo alipokumbuka ni nani mwingine aliyewahi kuachilia watu wakaenda, kisha, walipokuwa bado karibu, akaagiza magari.

Akashusha mguu.

"Zima."

"Shemeji, dakika zinapita!"

"Zima piki, Anaclet. Farao alikuwa na magari mengi kuliko weye, na alifika tu kwenye maji."

"Farao gani?" Anaclet aliwatazama wenzake. Hakuwa mtu wa shirika. "Mujukuu wa kaka yangu amebebwa na wale wengine, weye unaniletea Farao?"

"Mutoto amebebwa na mama yake."

"Wale walikuunguzia nyumba!"

"Waliniunguzia!" Sasa aliinua sauti, na barabara nzima ikatoka nje. "Walimuunguza na dada yangu, na sijasahau, na sijasamehe, na siku nitaona ule aliyewasha nitamutaja jina mbele ya tribunal na mbele ya Mungu! Falone hakuwasha! Ushindi hakuwasha! Munataka nimufanyie nani kesi, mutoto wa maziwa? Toka na piki zako mulangoni kwangu!"

Anaclet alisema maneno juu ya wajane na ukoo ambayo yangefaa kuombewa. Kisha akaondoka, polepole, ili ionekane kwamba ameamua mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na ukimya ambao hasira haiwezi kuujaza, ingawa yeye alijaribu. Alimkasirikia mzee Mathieu, ambaye angefurahi akisikia. Alimkasirikia Farao wa nje, ambaye bado anatembea mahali fulani na hana haja ya kusoma sura ya kumi. Alijikasirikia. Kisha akatoa simu na kuelekeza hasira yote mahali ambapo, kwa mwaka mzima, haikuwa imetumwa hata kidogo.

"Allo, mama?" Christian alisema, na nyuma yake zilisikika mashine za kusaga mawe. "Mumepanga je?"

"Falone ameenda Aru kwa kaka yake. Ushindi ameenda naye. Nimewaachilia mimi."

"Eh! Mama! Na mi je?"

"Weye toka kwa ile shimo, uoge, ufuate muke yako. Peke yako, bila Anaclet, bila piki ya mutu. Ukifika, ubaki inje mupaka wakuambie ingia. Wakikukataza, ulale inje. Umenisikia? Mwaka muzima unamuacha hapa na mimi, na unajua vile niko!"

Mashine zilisaga.

"Mama, umekasirika?"

"Sana," Mama Jeannine akasema. "Enda."